Bibi Titi Mohamed na Uhuru Uliotoka Uani

Mwezi Juni 1955 alifika Dar es Salaam mgeni kutoka Uingereza, John Hatch, mtu wa chama cha Labour aliyeshughulikia mambo ya makoloni. Alikuja kuonana na viongozi wa TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Walimweleza madai yao, akawasikiliza, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amejiandaa kulijibu: katika chama hiki, wanawake wako wapi?

Katika uongozi hawakuwapo. Watu 17 walioanzisha TANU tarehe 7 Julai 1954, katika ofisi ya New Street ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, Kariakoo, walikuwa wanaume watupu. Wake zao walikuwa nyumbani, na katika desturi za mji ule haikuwa rahisi mume kumtoa mkewe aende kuketi na wanaume akizungumza siasa. Lakini swali lilikuwa limeulizwa mbele ya watu, na chama kilichodai kuwasemea wananchi wote kilihitaji jibu la haraka.

Aliyetumwa kulitafuta ni Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji waliokuwa karibu sana na harakati. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Boi Selemani, dereva wa teksi mwenye kadi ya TANU namba 15. Hakumfuata Boi. Alimfuata mkewe, mwenye kadi namba 16, mwanamke wa miaka 29 ambaye mji mzima ulimjua kwa sauti yake. Kwa adabu ya Kiswahili, mume aliombwa ruhusa kwanza. Boi akaridhia, na Titi binti Mohamed akaingia katika historia ya nchi.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Umatumbi na Rufiji. Baba yake hakutaka asome shule ya serikali. Kama wazazi wengi wa pwani wakati ule, alihofia kwamba shule ingemtoa mtoto katika dini, kwa hiyo elimu ya kwanza ya Titi ilikuwa ya Kurani. Baba alipofariki, mama yake alimpeleka Shule ya Wasichana ya Uhuru, akasoma hadi darasa la nne. Alipofikisha miaka kama 14 akaozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mbali sana. Wakapata binti, Halima, kisha ndoa ikavunjika; Boi alikuja baadaye.

Hadi hapo ni maisha ya wanawake wengi wa Dar es Salaam ya miaka ya 1940. Kilichomtofautisha Titi ni ngoma. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba, na watu waliomsikia kwenye harusi na maulidi walijua kwamba akianza kuimba, uwanja unatulia. Mwimbaji kiongozi wa ngoma za mjini alikuwa na kazi kubwa kuliko kuimba. Ndiye aliyejua nani ana shughuli lini, nani hajatoa mchango, nani amefiwa, na nani ana ugomvi na nani. Aliweza kutunga papo kwa papo, kujibu kijembe bila kupandisha hasira, na kuwashika watu wengi kwa maneno tu, bila karatasi mkononi. Hizo zote ni sifa za mwanasiasa wa jukwaani. Titi alikuwa nazo kabla hajaisikia TANU.

Kwa nini chama kilimhitaji mtu wa namna hiyo? Sababu kubwa ilikuwa serikali yenyewe. Mwaka 1953 ulitolewa waraka uliowazuia watumishi wa serikali kujihusisha na siasa. Chama cha TAA, ambacho ndicho kilichogeuka kuwa TANU, kilikuwa kimejengwa kwa kiasi kikubwa na makarani, walimu na wasaidizi wa waganga, watu ambao mshahara wao ulitoka kwa Gavana Edward Twining. Wengi wakalazimika kujitoa au kusaidia kwa siri. Julius Nyerere mwenyewe, rais wa TANU, aliyekuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Francis huko Pugu, alitakiwa kuchagua, akaacha kazi mwezi Machi 1955 baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa mjini New York. Chama kikabaki na viongozi wenye hoja nzuri, lakini watu wengi wenye elimu waliogopa kuonekana nao.

Wanawake wa Uswahilini hawakuwa na kazi ya serikali ya kupoteza. Waliuza vitumbua na maandazi, walipika pombe, walisuka ukili, na walipangisha vyumba. Wengi wa waliojitokeza mwanzo walikuwa watu wazima, baadhi yao walikwisha kuachika, na riziki yao haikupita katika ofisi yoyote. Waraka wa Gavana haukuwa na la kuwafanya.

Tarehe 8 Julai 1955, siku moja baada ya TANU kutimiza mwaka, wanawake wapatao 400 walikusanyika katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja. Bibi Titi alichaguliwa kuongoza kitengo cha wanawake, na Tatu binti Mzee akawa msaidizi wake. Titi hakuwa amewahi kuhutubia mkutano wa siasa. Kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo iliyokibadilisha chama. Hakuanza kubisha hodi nyumba moja moja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya lelemama na taarabu, watu kama wale wa Egyptian na Al-Watan, ambao kila mmoja alikuwa na wafuasi wake, sare zake na daftari lake la michango. Kiongozi wa kikundi akikubali kuchukua kadi, kikundi kizima humfuata. Kufikia Oktoba mwaka ule, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameandikishwa.

Idadi hiyo ilipatikana katika miezi mitatu, katika mji ambao siasa yake ilikuwa imefanywa na wanaume tangu Chama cha Waafrika kilipoanzishwa mwaka 1929. Hakuna karani, mwalimu wala mfanyabiashara aliyekuwa amepata kufanya jambo la namna hiyo.

Ili kuelewa kadi zile zilivyosambaa, mtu aitazame nyumba ya Kiswahili, ambayo bado ipo kwa mamia Temeke, Magomeni, Kinondoni na Mwananyamala. Mbele kuna baraza. Ukivuka mlango unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na kila chumba kina familia au mpangaji wake. Nyuma ni uani: majiko, ndoo, kamba ya kuanikia nguo, bafu na choo. Mwenye nyumba anaweza kuwa Mzaramo, wapangaji wake Mnyamwezi, Mngoni, Mluguru na Mmakonde, na wote wanapikia uani pamoja, wanaazimana chumvi, wanasikilizana shida. Mwenye nyumba akiwa mwanamke, kama ilivyokuwa mara nyingi, yeye ndiye anayeamua nani anaingia na nani anakaribishwa. Jambo likizungumzwa uani asubuhi, kabla ya magharibi limekwisha kufika mtaa wa pili. Polisi wa kikoloni walijua kuulinda uwanja wa Mnazi Mmoja. Kuulinda kila ua wa Dar es Salaam kusingewezekana.

Na mji wenyewe ulikuwa unapanuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliokuja kutafuta kazi bandarini na viwandani walijaa hadi Kariakoo haikutosha. Serikali ikajenga kota za Ilala, Temeke na Magomeni, na watu binafsi wakajenga pembeni yake. Viunga hivyo vipya ndivyo vilivyokuwa na vijana, wapangaji na watu wasiokuwa na mzee wa mtaa wa kuwazuia. TANU ilikwenda kule pamoja nao. Nyerere alihamia Magomeni, na nyumba aliyoishi katika Mtaa wa Ifunda leo ni makumbusho. Upande wa Temeke, abiria wanaoshuka Mtoni kwa Azizi Ali kila siku wanalitaja jina la baba wa Dossa Aziz, mmoja wa vijana waliotoa mali zao kukitunza chama kilipokuwa hakina kitu.

Bibi Titi hakubaki Dar es Salaam. Nyerere alipozunguka majimboni, mara nyingi alikuwa naye jukwaani, na wako waliokuja mikutanoni kwa sababu walisikia kwamba mwanamke atahutubia. Alisema Kiswahili cha watu, chenye mafumbo na utani. Huko alikokwenda alikuta, au aliacha nyuma yake, wanawake wa kushika kazi: Sharifa binti Mzee kule Lindi, Nyange binti Chande kule Tabora, Halima Selengia kule Moshi. Majina haya hayatajwi shuleni. Mwanafunzi anamaliza kidato cha nne akiwa amekariri tarehe ya kuzaliwa TANU, asijue hata mwanamke mmoja aliyeiuza kadi yake.

Serikali ilianza kubana. Mwaka 1957 Nyerere alizuiwa kwa muda kuhutubia hadhara, na katika wilaya kadhaa matawi ya chama yalifungwa. Mwaka 1958 alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya katika jarida la Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Katika vipindi kama hivyo ndipo ilipoonekana faida ya kuwa na wanachama wasiotegemea jukwaa. Michango iliendelea kukusanywa, kadi ziliendelea kuuzwa na wageni wa chama waliendelea kulazwa na kulishwa, kwa sababu kazi hizo zilifanyika mahali ambapo amri ya kuzuia mikutano haikuwa na maana.

Mwaka huohuo wa 1958 kulikuwa na dhuluma nyingine isiyosemwa sana. TANU ilipokutana Tabora mwezi Januari iliamua, baada ya mabishano makali, kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuunda chama chake cha Kongresi. Mabishano yale yamesimuliwa mara nyingi. Lakini sheria ya uchaguzi ilitaka pia mpiga kura awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Muuza vitumbua wa Temeke hakuwa na kimojawapo. Maelfu ya wanawake walioijaza TANU walifanya kampeni ya uchaguzi ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kuupigia kura, na wagombea wao wakashinda.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Sherehe ilifanyika Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru, na uwanja huo uko Temeke.

Miaka michache iliyofuata ilikuwa ya heshima. Mwaka 1962 jumuiya za wanawake ziliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Tarehe 31 Julai mwaka huo wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunda umoja wao, na ndiyo maana siku hiyo hadi leo ni Siku ya Mwanamke wa Afrika. Alikuwa mbunge, akawa waziri mdogo, akasafiri nchi za nje. Lakini kadiri serikali ilivyokua, ndivyo ilivyohitaji watu wa mafaili na taarifa, na elimu yake ya darasa la nne ikaanza kuonekana kama upungufu. Katika uchaguzi wa 1965, uliowaangusha hata mawaziri kama Paul Bomani, Bibi Titi alishindwa Rufiji.

Kisha likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Sharti hilo la mwisho lilimgusa Bibi Titi moja kwa moja, maana alikuwa amejenga nyumba za kupangisha. Alijiuzulu nafasi zake katika chama.

Wengi waliusoma uamuzi huo kama tamaa ya mali. Hukumu hiyo si ya haki. Azimio lilikuwa na sababu nzito: nchi changa ilikuwa inaona viongozi wake wakijitajirisha, na mtu mwenye mshahara wa serikali, gari la serikali na pensheni hakuhitaji kodi ya mpangaji. Lakini kwa mwanamke wa Uswahilini nyumba ya kupangisha ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa ndiyo pensheni yake. Ilimlinda akiachika, akifiwa au akizeeka, na ndiyo iliyompa uhuru wa kusema analotaka pasipo kumwogopa mume wala mwajiri. Wanawake wa mwaka 1955 waliweza kukipokea chama kilichoogopwa na makarani kwa sababu baadhi yao walikuwa na nyumba zao wenyewe. Sharti lililoandikwa kwa kumfikiria waziri mwenye shahada lilimwangukia pia mwimbaji wa Bomba, na halikuona tofauti kati yao.

Oktoba 1969 alikamatwa. Alishitakiwa pamoja na watu wengine sita, akiwemo Michael Kamaliza, waziri wa zamani, kwamba walikula njama ya kuipindua serikali. Oscar Kambona, waziri mwingine wa zamani aliyekuwa amekimbilia London tangu mwaka 1967, alitajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo. Kesi ilianza Juni 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa Karibiani, na shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, aliyeeleza kwamba aliingia ndani ya mipango ile kwa makusudi ili aitoe taarifa. Bibi Titi alikana. Mwanzoni mwa mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Alitoka katika mji uliokuwa umejifunza kutolitaja jina lake. Picha yake haikuwepo katika maofisi ya umoja aliouanzisha, na marafiki wa zamani walipungua mlangoni. Kwa miaka mingi aliishi kimya, na watoto waliozaliwa Dar es Salaam katika miaka hiyo walikua bila kujua kwamba mama yule ndiye aliyewahi kuwasimamisha bibi zao na kuwaambia kwamba nchi hii ni yao.

Ukimya ulianza kuvunjika mwaka 1984, mtafiti Mmarekani Susan Geiger alipokwenda kumhoji yeye na wanawake wenzake wa TANU. Kitabu alichokiandika kutokana na mahojiano hayo kilitoka mwaka 1997, na hadi leo hakuna kitabu kingine kinachowapa wanawake wale nafasi kubwa kama hicho. Mwaka uliofuata mwandishi Mohamed Said alichapisha kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waanzilishi wa TANU, akiwarudisha katika kumbukumbu watu wengi wa Dar es Salaam waliokuwa wamesahauliwa. Kabla ya hapo, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilimtaja Bibi Titi kuwa shujaa wa mapambano. Alikuwa na miaka 65.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, mwaka mmoja na wiki tatu baada ya Nyerere. Barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina lake, na foleni ya magari yatokayo Kinondoni na Temeke huivuka kila asubuhi.

Barabara ni heshima, lakini haielezi chochote. Haimwambii apitaye kwamba pale karibu, ukumbini Arnautoglo, wanawake 400 waliketi wakaamua kuingia katika siasa iliyokuwa imekatazwa kwa watumishi wa serikali. Haitaji hatia iliyoamuliwa na mahakama, wala msamaha uliofuata, wala miaka ya kutengwa. Wanaoandika vitabu vya historia vya shule wana wajibu wa kuyaweka yote hayo, mazuri na machungu, kwa sababu maisha ya Bibi Titi hayakueleweka hata mara moja kwa kusimuliwa nusu.

Upo pia wajibu usiosubiri Wizara. Msichana aliyekuwa na miaka 20 alipochukua kadi mwaka 1955 sasa amepita miaka 90, na waliobaki ni wachache. Bado yako masanduku Temeke, Magomeni na Kinondoni yenye kadi za TANU zilizokunjwa ndani ya khanga, picha za vikundi vya lelemama na madaftari ya michango. Msomaji mwenye bibi wa umri huo, au aliyerithi sanduku lake, asilitupe wakati wa kugawana mirathi. Akae, aulize, arekodi sauti kwa simu aliyonayo mfukoni, aandike majina nyuma ya kila picha, kisha apeleke nakala Makumbusho ya Taifa au katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Aifanye kazi hiyo mwaka huu.